Mstari wa Ziada

Shuhuda nyingi nilizozisikia zinahusu kitu kilichomtoka mtu: pombe, madeni, maradhi, pepo. Mimi kilichonitoka ni woga wa milimita. Mimi ni mpima ardhi, kazi zangu nyingi nimezifanya Dar es Salaam, Pwani na Morogoro, na kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nilikuwa napima kwa uchoyo. Kilichohitajika kilipimwa; kilichozidi kiliachwa. Sikuwa mvivu. Kipimo cha ziada kilikuwa kesi ya ziada, na kesi hiyo ilisikilizwa usiku, mimi na kikokotoo.

Zilizonitoa huko ni matriksi. Najua neno hilo linawafanya wengi wafunue ukurasa unaofuata, kwa sababu mara ya mwisho walikutana nalo kidato cha nne na hawakuachana kwa amani. Namba nitakazotumia ni ndogo, na karibu zote zinaweza kuhakikiwa kwa kalamu.

Kwa asiyejua kazi yetu: kupima levo ni kutafuta tofauti ya kimo kati ya sehemu moja na nyingine. Mashine inasimama katikati juu ya miguu yake mitatu. Kijana anashika stafu, yaani fimbo yenye vipimo, nyuma, unasoma. Anahamia mbele, unasoma tena. Namba ya kwanza ukiitoa ya pili unajua ardhi imepanda au imeshuka kiasi gani. Unaanzia kwenye alama ambayo kimo chake kinajulikana, unapita kwenye alama mpya, unarudi ulikoanzia. Ukijumlisha kupanda na kushuka kote unatakiwa upate sifuri, kwa kuwa umerudi palepale. Hupati. Joto linapindisha mwanga juu ya lami, stafu inazama kidogo kwenye udongo laini, jicho linachoka. Kinachobaki tunakiita kosa la kufunga, na mazungumzo yake ofisini yalikuwa mafupi.

“Umefunga?”

“Nimefunga, mzee.”

“Kwa ngapi?”

“Sita.”

“Gawanya.”

Basi unagawa milimita sita kwa idadi ya safari za kutoka alama hadi alama, kila safari inabeba fungu lake, daftari linafungwa. Kwa mzunguko mmoja njia hiyo haina ubaya wowote, na wala siidharau leo.

Tatizo linaanza ukiongeza kipimo. Chukua mfano huu niliouchonga kwa ajili ya maelezo. B ni alama inayojulikana, kimo chake mita 50.000. Alama mpya ni P, Q na R. Kutoka B kwenda P nimepanda 2.345. P kwenda Q nimepanda 1.212. Q kwenda R nimeshuka 0.780. R kurudi B nimeshuka 2.771. Jumlisha: inabaki 0.006, milimita sita. Safari nne, kila moja inabeba milimita moja na nusu, P inakuwa 52.3435, na kazi imekwisha.

Sasa tuseme kijana wa stafu, kwa kuwa jua halijazama, amekatisha moja kwa moja kutoka P kwenda R, na tumepata kupanda kwa 0.437. Mambo yameharibika. Tuna mizunguko mitatu badala ya mmoja, na kila mmoja una kosa lake: mkubwa una milimita 6, ule wa B, P, R una 11, ule wa P, Q, R una 5. Ukianza kugawa kwenye mzunguko mkubwa, P inabaki 52.3435, halafu safari ya katikati inabaki nje na kosa la milimita 8 ambalo hakuna wa kulibeba. Ukianza na mzunguko wa B, P, R, unagawa 11 kwa tatu, P inashuka hadi 52.3413. Alama ni ileile, vipimo ni vilevile, vimo viwili vinapishana kwa zaidi ya milimita 2, na tofauti yenyewe imetokana na mzunguko upi ulioanza kuushika asubuhi hiyo. Sijawahi kuona ripoti ya upimaji inayosema ilianza na mzunguko upi.

Ndiyo maana safari ya P kwenda R hatukuipima. Au tuliipima, tukaiona, tukaiacha kwenye daftari na alama ya kuuliza pembeni.

Shuleni matriksi zangu zilikuwa mbili kwa mbili. Unazidisha ulalo mmoja, unatoa ulalo wa pili, jibu linaitwa ditaminanti. Likiwa sifuri unaandika kwamba matriksi ni singula, haina kinyume, unapata alama zako na kuendelea na swali la kuakisi pembetatu kwenye mhimili wa x. Sikumbuki kusikia nani aliyezihitaji. Nilidhani ni mazoezi ya akili, kama gwaride.

Nilikutana nazo tena kwenye mradi wa bomba la maji. Dada mmoja mhandisi, mdogo kwangu kwa umri, aliyekuwa akisubiri vimo vyangu ili apange mteremko, aliniomba daftari badala ya ripoti. Akafunua, akafika kwenye kipimo chenye alama ya kuuliza.

“Kaka, huu wa katikati mbona umeuacha?”

“Unasumbua.”

“Nipe na huo unaosumbua.”

Alikuwa na programu iitwayo Octave kwenye kompyuta yake ndogo. Jina hilo halihusu muziki; ni la Octave Levenspiel, profesa wa uhandisi wa kemikali aliyesifika kwa kukisia majibu ya maswali makubwa kwa hesabu za haraka. John Eaton, aliyeiandika, alikuwa mwanafunzi wake, na toleo kamili la kwanza lilitoka mwaka 1994. Ni programu ya bure, na lugha yake inafanana sana na ya MATLAB, ambayo ni ya kulipia na iliyotangulia. MATLAB yenyewe ilizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa sababu Cleve Moler, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha New Mexico, alitaka wanafunzi wake watumie hesabu za matriksi zilizokwisha kuandikwa kwa lugha ya Fortran bila kulazimika kuandika Fortran wenyewe. Kwa hiyo tangu chanzo ni chombo cha mtu mwenye swali na asiye na muda wa kuhangaika na mashine. Nimekipenda kwa hilo.

Alichoandika kilikuwa kifupi kiasi kwamba nilisubiri kiendelee:

A = [1 0 0; -1 1 0; 0 -1 1; 0 0 1; -1 0 1]
b = [52.345; 1.212; -0.780; 52.771; 0.437]
x = A \ b
v = A*x - b

(Namba ninaweka za mfano wetu, za siku ile zilikuwa nyingi zaidi.) Kila mstari wa A ni safari moja. Kila safu inayosimama ni alama moja: ya kwanza P, ya pili Q, ya tatu R. Pale safari ilipotoka unaweka -1, pale ilipofika unaweka 1, kwingine sifuri. Safari ya R kurudi B imegeuzwa, ikawa B kwenda R kwa kupanda 2.771. B haina safu kwa sababu kimo chake tunakijua. Mita zake 50 zimehamia upande wa pili, ndani ya b. Yule -0.780 ni kushuka kutoka Q kwenda R. Basi. Alama ya mkwaju uliolalia nyuma, kati ya A na b, inaiambia programu: tafuta vimo ambavyo vikirudishwa kwenye safari zote tano kwa pamoja vitapishana nazo kwa kiasi kidogo kabisa, ukipima kwa jumla ya miraba ya tofauti.

Jibu lilipotoka P ilisomeka 52.342, nikakunja uso, maana mpima levo hapewi kimo kilichokatwa sehemu za milimita. Kumbe Octave huonyesha tarakimu tano tu usipoiambia vingine. Namba kamili iko ndani. Ukiandika format long inaitoa: P ni 52.3415, Q ni 53.5540, R ni 52.7745.

Lakini kilichonishika ni v. Safu ya namba tano, moja kwa kila safari, kwa milimita: -3.5, 0.5, 0.5, 3.5, -4. Hayo ni mabaki, yaani kila safari imelazimishwa kusogea kiasi gani ili zote zikubaliane. Safari za kupitia Q zimesogezwa nusu milimita tu. Zilizosogezwa sana ni B kwenda P, P kwenda R, R kwenda B. Kwa mara ya kwanza kosa la kufunga lilikuwa na anwani. Miraba ya mabaki hayo ukiijumlisha unapata 41. Ile njia ya kugawa sita kwa nne, ukihesabu na milimita 8 za safari iliyoachwa, inatoa 73. Mwenye kuanza na mzunguko wa B, P, R anapata 41 na ushee. Huyo alibahatika, na bahati yake ndiyo iliyonitisha: hakuwa na njia ya kujua kwamba amebahatika.

Tena hapakuwa na pa kuanzia. Safari zote ziliingia mlango mmoja kwa wakati mmoja. Nikitaka kuongeza safari ya sita, naongeza mstari mmoja chini ya A na namba moja chini ya b, halafu narudia amri ileile bila kugusa herufi. Ningekuwa na safari mia tatu amri ingebaki vilevile. Mtu aliyezoea kuona hesabu ikirefuka kila kipimo kinapoongezeka anahitaji muda kulimeza jambo hilo. Nilikaa nalo.

Baadaye, kwa udadisi, nilitafuta njia hii ya miraba ilitoka wapi, nikakuta watu wa kazi yangu kila kona. Mwanahisabati Legendre aliichapisha Ufaransa mwaka 1805. Mwenzake Gauss, wa Ujerumani, aliitoa mwaka 1809 akidai aliitumia tangu 1795, wakagombana. Na Gauss huyohuyo ndiye aliyekwenda kupima pembetatu za Hanover katika miaka ya 1820, akitatua milinganyo mingi kwa mkono. Ninayempenda zaidi ni André-Louis Cholesky, ofisa wa jeshi la Ufaransa na mpima ardhi, aliyepima Krete na kusimamia kazi za levo Aljeria na Tunisia. Alibuni njia yake ya kutatua milinganyo ya upimaji kwa sababu milinganyo ilikuwa mingi na wakokotoaji wachache. Aliuawa vitani Agosti 1918, na njia hiyo ikachapishwa na mwenzake mwaka 1924. Leo ukiipa Octave matriksi ya mraba ambayo upande wa juu wa ulalo unalingana na wa chini, na namba za ulalo wenyewe ni chanya, inajaribu kwanza njia ya Cholesky kabla ya nyingine. Kila mara wanafizikia, watu wa benki na wahandisi wa ndege wanapobonyeza kitufe, wanatumia hesabu iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wenye stafu. Na sisi wenye stafu tulikuwa bado tunagawa sita kwa nne!

Matriksi ya namna hiyo kwetu inapatikana ukiizidisha A iliyogeuzwa, mistari ikawa safu na safu zikawa mistari, kwa A yenyewe. Inaandikwa A'*A. Kwa mfano wetu inatoka hivi:

 3 -1 -1
-1  2 -1
-1 -1  3

Itazame kabla ya kuendelea. Kwenye ulalo, P ina 3, Q ina 2, R ina 3: ndiyo idadi ya safari zinazogusa kila alama. Nje ya ulalo kuna -1 kila mahali ambapo alama mbili zimeunganishwa kwa safari, na pasipo na safari pangekuwa na sifuri. Ni ramani ya kazi. Mtu anaweza kunipa jedwali hilo bila maneno nikamchorea mtandao wake ardhini kwa kijiti.

Kisha nikajaribu jambo la utundu. Nikaipa B safu yake, kana kwamba nayo haijulikani, nikaomba kinyume cha A'*A mpya, nikaona programu itasemaje. Ikalalamika kwamba matriksi ni singula. Neno la kidato cha nne, lile nililoliandika kwa ajili ya alama tu! Safari hii lilikuwa linasema jambo la kweli kuhusu ardhi: nyanyua alama zote nne kwa mita moja, au kwa mita mia, na hakuna hata tofauti moja kati yake itakayobadilika. Vipimo vyangu vyote, viwe safi namna gani, havijui bahari iko wapi. Lazima mtu aje na kimo cha alama moja kutoka nje. Kila mpimaji analijua hilo kwa mazoea, ndiyo maana hatuanzi kazi bila alama ya kuanzia. Ila sikuwahi kudhani kwamba ditaminanti ya sifuri ndiyo sentensi hiyohiyo.

Tangu hapo nikaacha kuuliza namba kabla ya kuuliza umbo. Vijana ninaofanya nao kazi wananicheka kwa amri moja, size, inayotaja mistari mingapi na safu ngapi. Naiandika kila baada ya hatua mbili. Nina sababu. Programu hizi hutofautisha vekta iliyolala na iliyosimama, na kuzidisha kwa * kunafuata sheria za matriksi wakati .* kunazidisha namba kwa namba. Hapo zamani ukitoa vekta iliyosimama kutoka kwenye iliyolala programu ilikataa, ikasema maumbo hayaafikiani. Tangu Octave 3.6, na MATLAB ya mwaka 2016, haikatai tena: programu inazitandaza zote mbili na kukupa jedwali zima. Vipimo vitano ukivilinganisha na vimo vitano, kimoja kimelala na kingine kimesimama, unapata tofauti ishirini na tano, nyingi zikiwa kati ya alama zisizohusiana, na wastani wake unatoka bila kulalamika. Uwezo huo una faida zake na ninautumia. Lakini kwa anayeanza, nadhani waliweka mlangoni kitu ambacho kingekaa chumbani. Wanaotumia Python na NumPy wana mtego wa jamaa yake: huko vekta ya kawaida haina kulala wala kusimama, ukiigeuza inabaki ilivyo, na kuhesabu nafasi kunaanzia sifuri.

Excel nayo inazidisha matriksi, kama mtu ana moyo. Mimi sina.

Jambo jingine lililobadilika ni heshima yangu kwa ukubwa wa namba. Levo ina namba za kuvumilika. Ukija kwenye viwianishi, mambo ni mengine. Kusini mwa ikweta mfumo wa UTM unaipa ikweta mita 10,000,000 ili tusipate namba hasi, kwa hiyo katikati ya Dar es Salaam uwianishi wa kaskazini unapita mita 9,240,000. Sasa jaribu kuchora uso wa ardhi uliojipinda juu ya shamba la hekta chache: unahitaji safu ya moja tupu, safu ya mashariki, ya kaskazini, na miraba yake. Mraba wa kaskazini ni zaidi ya trilioni 85, umekaa jirani na safu ya moja. Kompyuta inashika namba kwa tarakimu zipatazo 16. Ukiunda A'*A hapo unaipandisha tofauti hiyo mara nyingine tena, tarakimu zinaisha, na kinachotoka kinaweza kuwa uso laini kabisa usiohusiana na shamba. Hakuna aliyekosea kupima. Dawa yake ni ya dakika moja: toa wastani wa viwianishi kwenye kila uwianishi, gawa kwa elfu, ndipo ukokotoe, ukimaliza rudisha. Amri ya cond inakupa namba inayoonyesha hali ya matriksi yako: ikiwa ndogo, tulia, ikikaribia moja ikifuatwa na sifuri kumi na sita, usimpe mteja jibu hilo.

Nimesema woga ulinitoka, ila sijasema ulitokea wapi. Ulitoka miguuni. Kisa chenyewe ni A'*A tena.

Kinyume cha matriksi hiyo, kile cha ditaminanti, kinabeba kwenye ulalo wake namba inayoonyesha kila alama itakuwa na wasiwasi kiasi gani baada ya hesabu kukamilika: ndogo ni nzuri. Na ukiiangalia A vizuri, hakuna kipimo hata kimoja ndani yake. Kuna moja, hasi moja na sifuri. Yaani nani ameunganishwa na nani. Vipimo vyote viko kwenye b. Kwa hiyo ubora wa kazi, kwa kadiri unavyotegemea mpangilio wa safari, unajulikana ofisini kabla gari halijawekwa mafuta.

Rudi kwenye mfano. Mzunguko wa safari nne peke yake unaipa P 0.75, Q 1, R 0.75. Q ndiyo dhaifu, kama mtu angetarajia, kwa sababu iko mbali na B pande zote. Ongeza safari ya P kwenda R: P na R zinashuka hadi 0.625, na Q inabaki 1. Haikupata kitu. Sasa acha P kwenda R, na badala yake tembea B kwenda Q. P inakuwa 0.625, R inakuwa 0.625, sawasawa na zilivyopata kwa safari ya P kwenda R. Na Q inashuka hadi 0.5. Safari moja kwa safari moja, mishahara ileile, na alama iliyokuwa dhaifu kuliko zote imekuwa imara kuliko zote. Nilizirudia namba hizo kwa kalamu kwa sababu sikuamini. Miaka yote nimekuwa nikifikiri kwamba vipimo vya ziada ni mzigo unaofanana, viwe vingi au vichache. Kumbe kuna safari ya ziada inayolipa mara mbili na nyingine inayowachosha watu tu, na jicho peke yake halizitofautishi, angalau jicho langu.

Mazoea yangu ya shambani yakageuka. Ninapima zaidi kuliko zamani, na ninachagua. Jioni kabla ya kazi naandika A ya safari ninazozifikiria, naangalia ulalo, naongeza mstari, natoa mstari, naangalia tena. Mtandao ukiwa mkubwa natumia sparse, kwa kuwa kila mstari una namba moja au mbili tu zisizo sifuri na hakuna haja ya kuhifadhi sifuri zote. Alama elfu mbili kwa namna ya kawaida zingetengeneza jedwali la namba milioni nne, megabaiti 32; kwa sparse ni sehemu ndogo sana ya hapo. Vijana wa stafu wamezoea kuambiwa tutavuka bonde badala ya kufuata barabara. Mwanzoni walidhani nimepotea.

Mabishano hayajaisha. Nina mzee mmoja ninayemheshimu, aliyenifundisha kusoma stafu, ambaye hakubali uzito ninaoweka. Safari ndefu ina nafasi zaidi ya kukosea, kwa hiyo kwenye hesabu naipa kila safari uzito unaopungua kadiri urefu wake unavyoongezeka, yaani moja ukigawa kwa kilomita zake. Yeye anasema urefu si kitu. Kilomita moja ya mchanga wa ufukweni saa saba mchana ni mbaya kuliko kilomita tatu za lami asubuhi, na mimi naandika uzito kama mtu ambaye hajawahi kusimama mchangani. Ana hoja. Nimeanza kuandika saa na aina ya udongo kwenye daftari, nione kama mabaki makubwa yanafuata mchanga au yanafuata urefu. Mpaka sasa mchanga unaongoza, na sijamwambia.

Wateja nao wana lao. Nikimwonyesha mtu kwamba safari ya B kwenda Q itaimarisha alama yake, swali lake la kwanza ni bei, na ana haki. Wengine wanalipa. Wengine wanasema mzunguko mmoja unatosha, mbona zamani ulitosha, na kazi inafanyika kwa mzunguko mmoja. Hapo natoa v kama ilivyo, naambatisha ulalo, na kwenye ripoti naandika kwamba Q haikuhakikiwa kwa safari ya ziada, asiegemeze juu yake kitu kinachohitaji milimita.